Maiti Aliyepewa Ulimi: Kicheko na Uchungu katika The Return of the Living Dead

Katika idara zetu za fasihi, filamu ya kutisha haina kiti. Riwaya ya kutisha yaweza kuvumiliwa, hasa ikiwa mwandishi wake amekufa zamani. Tamthilia yenye mizimu husomwa kwa heshima, kwa kuwa Shakespeare naye alimtoa mzimu jukwaani. Lakini filamu ya mazombi, tena ya kuchekesha, tena iliyojipatia wapenzi wake wengi si katika majumba ya sinema bali katika kanda za video za kukodi, aghalabu huhesabiwa kuwa takataka ya kupotezea usiku. Makala haya yanaihusu filamu moja ya aina hiyo, The Return of the Living Dead, iliyoandikwa na kuongozwa na Dan O'Bannon na kutolewa Marekani mwaka 1985. Sikusudii kuitetea filamu yote, kwa maana ina kasoro ambazo nitazitaja. Ninakusudia kuonyesha jambo moja tu: kwamba filamu hii ilimpa maiti ulimi, na kwamba isingaliweza kufanya hivyo bila kwanza kutuchekesha.

Nianze na ulimi wenyewe. Neno zombi lilitufikia kutoka Haiti, na wataalamu wengi hulihusisha na lugha za eneo la Kongo, walikotekwa wengi wa watumwa waliopelekwa katika mashamba ya miwa ya nchi hiyo. Katika imani ya Haiti, zombi si mla watu. Ni mfanyakazi. Ni mtu aliyetolewa kaburini kwa uchawi, akanyang'anywa hiari yake, akawekwa shambani kulima bila ujira wala mapumziko. Husimuliwa kwamba akionja chumvi fahamu humrudia, naye hurudi kaburini mwake. Tisho la imani hiyo si kifo. Kwa mtumwa ambaye kifo kilikuwa ndiyo likizo pekee aliyoitarajia, tisho kubwa lilikuwa kifo kisichokomesha kazi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mbali ili aielewe hofu hiyo. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania kuna imani ya msukule: mtu ambaye jamaa zake wamemlilia na kumzika, kumbe, kwa mujibu wa masimulizi, amechukuliwa na mchawi, akakatwa ulimi, akalishwa pumba na kulimishwa mashamba usiku. Sidai kwamba msukule na zombi wa Haiti wana asili moja. Nasema tu kwamba masimulizi hayo mawili yanakutana mahali pamoja, napo ni kinywani. Asiyeweza kusema ndiye mfanyakazi kamili, kwa sababu hawezi kutaja jina lake wala la anayemtumikisha.

Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi kati ya 1915 na 1934, masimulizi haya yalivuka bahari. Kitabu cha William Seabrook, The Magic Island, kilichapishwa mwaka 1929, na mwaka 1932 ikatolewa filamu ya White Zombie, iliyoongozwa na Victor Halperin. Ndani yake mna onyesho ambalo bado lina nguvu: mazombi wanasukuma kinu cha miwa, mmoja wao anaanguka ndani, na wenzake wanaendelea kuzunguka bila kugeuka. Hakuna anayepiga ukelele, hata anayesagwa. Filamu hiyo haikuuelewa utumwa kama watu wa Haiti walivyouelewa, lakini iliuhifadhi ukimya wake.

George Romero aliuvunja uhusiano huo wa zombi na shamba katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Wafu wa Romero hawana bwana wala jembe. Wanakula. Hawatumwi na mtu, na hawajui sababu ya njaa yao. Jambo moja tu halikubadilika: nao pia hawasemi. Mhusika mkuu, Ben, Mmarekani mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, ananusurika usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na kundi la wawindaji wa wafu wanaomdhania kuwa mmoja wao. Wahakiki wengi wamelieleza tukio hilo kwa kurejelea historia ya ubaguzi wa rangi, nao wamesema kweli. Mimi naongeza kwamba ni tukio la ulimi pia. Katika ulimwengu wa Romero alama ya uhai ni kusema, na ambaye hakupewa nafasi ya kusema huhesabiwa maiti.

Filamu hiyo ilikutwa na jambo la ajabu la kisheria. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kutolewa, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya nakala mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo ikawa mali ya umma. Enzi ya kanda za video ilipowadia, kampuni yoyote iliweza kuinakili na kuiuza. Ikaenea kama hadithi za mdomo zinavyoenea, kila nakala na ukungu wake. Naye John Russo, aliyeandika mswada pamoja na Romero, alibaki na haki ya kuyatumia maneno Living Dead katika kazi zake, huku Romero akiendelea na filamu zake kwa majina mengine. Hadithi ya Russo ndiyo iliyokuja kumfikia O'Bannon, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa mswada wa Alien wa mwaka 1979. O'Bannon hakutaka kufuata nyayo za Romero. Akaigeuza kazi hiyo kuwa futuhi.

Matukio yanaanza jioni ya tarehe 3 Julai 1984 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, kwenye ghala la kampuni ya kubuniwa iitwayo Uneeda, inayouza vifaa na viungo vya kufundishia udaktari. Mzee Frank, aliyeigizwa na James Karen, anamfundisha kazi kijana Freddy, aliyeigizwa na Thom Mathews. Akitaka kumstaajabisha, anamwambia kwamba filamu ya Romero ilitokana na kisa cha kweli, na kwamba mapipa ya jeshi yenye wafu wa kisa hicho yaliletwa ghalani kwa makosa ya usafirishaji, yakasahauliwa huko. Wanashuka chini kuyatazama. Frank analipiga pipa kofi ili kuonyesha uimara wake. Linavuja, na gesi iitwayo Trioxin inawapuliza wote wawili. Jina la gesi hiyo linaikumbusha 2,4,5-T, dawa ya kuua magugu iliyokuwa sehemu ya Agent Orange, ambayo majeshi ya Marekani yaliimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnam.

Kicheko cha kwanza cha filamu, basi, ni kicheko cha ghalani, na kinafaa kuchunguzwa kwa makini kwa sababu ndicho msingi wa yote yanayofuata. Frank anamzungusha Freddy kati ya bidhaa: mbwa waliopasuliwa katikati kwa ajili ya vyuo vya mifugo, maiti wa kiume aliyehifadhiwa katika chumba cha baridi akisubiri kupelekwa kwa wanunuzi, na mifupa ya watu iliyo tayari kusafirishwa. Mifupa, anaeleza Frank, yote hutoka India. Kwa nini, hajui. Linalomshangaza ni moja tu: huko wanawapata wapi watu wengi namna hiyo wenye meno kamili? Hadhira hucheka, Freddy huguna, na kazi huendelea.

Mzaha huo umebeba ukweli mwingi kuliko unavyoonekana. Kwa miongo mingi India ilikuwa muuzaji mkuu wa mifupa ya binadamu kwa vyuo vya udaktari vya Ulaya na Marekani, na Calcutta, ambayo leo huitwa Kolkata, ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Ilianza enzi ya ukoloni wa Mwingereza na ikaendelea baada ya uhuru. Serikali ya India iliupiga marufuku usafirishaji wa mifupa hiyo nje ya nchi mwaka 1985, mwaka ule ule filamu ilipotoka. Hivyo swali la Frank si la kipuuzi. Ni swali la karani wa bohari linalokaribia sana kuwa swali la jinai, kisha linageukia mlangoni.

Nilisoma katika shule ya sekondari iliyokuwa na kiunzi cha mifupa ya mtu katika maabara ya baiolojia. Kilisimama kando ya ubao, kimeunganishwa kwa waya, na sisi wanafunzi tulikipa jina la utani na kukivika kofia siku za sherehe. Siku moja mwenzetu alimwuliza mwalimu ile ilikuwa mifupa ya nani. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu mpole na mkweli, alijibu, "Ni mali ya shule." Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nasi. Kisa hicho kilinirudia miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipoitazama filamu ya O'Bannon katika kanda ya kukodi, mimi na wenzangu tumebanana mbele ya televisheni ndogo. Jibu la mwalimu na mzaha wa Frank ni kauli moja. Zote mbili hulijibu swali la "nani" kwa kumtaja mmiliki.

Tangu hapo futuhi inakwenda kwa kanuni moja, kwamba kila jitihada ya kuficha huzidisha fedheha. Juu ya pipa pameandikwa nambari ya simu ya jeshi, lakini Burt, mwenye ghala, anaiogopa simu hiyo kwa sababu italeta mashtaka na kuua biashara. Maiti wa chumba cha baridi amekwisha kuamka. Wanakumbuka filamu ya Romero, kwamba zombi huuawa kwa kuharibiwa ubongo. Wanamchoma kichwa kwa sururu, naye anaendelea kupambana. Freddy anauliza kwa mshangao kama ina maana filamu ile ilidanganya. Wanamkatakata vipande, na vipande vinafurukuta. Wanavitia katika mifuko na kuvipeleka kwa jirani yao Ernie, mtayarishaji wa maiti mwenye tanuri, wakidai kwamba ndani mna vicheche wenye kichaa. Tanuri linageuza vipande kuwa moshi, moshi unapanda mawinguni, mvua inanyesha juu ya makaburi, na wafu wanatoka ardhini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alifanya jambo dogo la busara ya kibiashara, na jumla ya busara hizo ikawa kiyama.

Mbinu ya kuitaja filamu ya Romero ndani ya filamu nyingine isichukuliwe kuwa mchezo wa mwingilianomatini tu. Romero alikuwa ametoa kanuni: zombi ana dawa, nayo ni kupiga kichwa. O'Bannon anaivunja kanuni hiyo na kuwaacha wahusika wake bila dawa. Ambaye hana namna ya kumnyamazisha maiti hana budi, mwishowe, kumsikiliza.

Hilo ndilo linalotokea katika chumba cha Ernie. Usiku umekwisha kuwa mkubwa, wafu wamelizunguka jengo, na waliomo ndani wamemkamata mmoja wao: mwanamke aliyebaki kiwiliwili cha juu tu, uti wake wa mgongo ukining'inia na kuyumba kama mkia. Wanamfunga juu ya meza ambayo Ernie hutayarishia maiti. Ndipo Ernie anapofanya jambo ambalo halikufanywa katika White Zombie wala katika Night of the Living Dead. Anamwinamia, anamwuliza swali, na anangoja jibu. Je, anasikia? Anasikia. Kwa nini wanakula watu? Hawali watu, anasahihisha; wanakula bongo. Kwa nini? Kwa sababu ya maumivu. Maumivu gani? Maumivu ya kuwa maiti. Anaeleza kwamba anajihisi akioza, na kwamba ubongo wa aliye hai humtuliza. Anasema polepole, kwa sauti ya kukwaruza, kama mgonjwa anayemjibu daktari ambaye hatimaye amekumbuka kuuliza.

Nimekwisha kuitazama filamu hii pamoja na hadhira mbalimbali za wanafunzi, na daima nimeona jambo lile lile. Maiti anapoletwa mezani wanacheka, kwa kuwa uti wa mgongo unaoyumba unachekesha kweli. Swali la kwanza linapoulizwa bado wanacheka. Anapotaja maumivu, kicheko hakikatiki ghafla. Kinapungua chini kwa chini, kama watu wanaoteremka ngazi gizani na kuanza kutafuta ukuta kwa mikono.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika insha yake juu ya kicheko iliyochapishwa mwaka 1900, alisisitiza kwamba tunacheka pale mtu anapotuonekania kama kitu. Mtu anayeteleza na kuanguka huchekesha kwa kuwa kwa nukta hiyo mwili wake umekuwa mzigo. Nadharia hiyo inalieleza vyema ghala la Uneeda, lakini haitoshi kuieleza meza ya Ernie, kwa sababu hapo mwendo umegeuzwa. Tulikuwa tumemcheka mtu aliyefanywa kitu. Sasa kitu kinatuambia kwamba ni mtu, na kwamba kilikuwa kinaumia muda wote. Kinaya cha filamu kimo katika mpangilio huo. Laiti maonyesho yangalitangulizwa na huzuni, tungalimhurumia mwanamke yule kwa mbali, kama tunavyowahurumia wengi, na huruma hiyo ingalitupandisha hadhi sisi wenyewe. O'Bannon hakutupa nafasi hiyo. Alitufanya kwanza washirika wa Frank katika mzaha wa meno, ndipo akaileta bidhaa itoe ushahidi. Maswali anaulizwa maiti, lakini shauri ni letu.

Ushahidi huo unathibitishwa na miili ya Frank na Freddy wenyewe. Gesi waliyoivuta inawaua kidogokidogo nasi tukiwatazama. Wahudumu wa ambulensi wanapowapima hawapati mapigo ya moyo. Joto la miili yao ni sawa na la chumba. Kwa vipimo vyote ni maiti, ila wanasema na kulalamika kwamba wanaumwa. Wahudumu wanatazamana kwa fadhaa ya watu ambao fomu yao haina kisanduku cha jibu hilo. Onyesho hili ni la ramsa tupu, na papo hapo ni la kutisha kuliko yote, kwa kuwa linaondoa ukuta kati ya wenye kupima na wenye kupimwa. Waliokuwa wauzaji wa maiti jioni wamekuwa maiti usiku huo huo. Frank, alipotambua anakoelekea, anaivua pete yake ya ndoa, anaiacha nje ya tanuri, kisha anajiingiza mwenyewe motoni. Hapo hadhira haicheki kabisa. Freddy naye hana ujasiri huo. Anamwandama mchumba wake Tina akimwambia kwamba anampenda, na kwamba kwa hiyo anautaka ubongo wake. Maneno ni ya mapenzi, sauti ni ya mapenzi, na njaa iliyomo ndani yake ndiyo peke yake iliyobadilika.

Hilo linatukumbusha kwamba ulimi ukirudi hauji na unyofu peke yake. Baada ya kuwala wahudumu wa ambulensi, mmoja wa wafu anaishika redio ya gari na kuagiza wapelekewe wahudumu wengine. Ni mzaha unaopendwa zaidi na mashabiki wa filamu hii, na una maana yake. Maiti aliyepata lugha amepata pia uwezo wa kudanganya, kuagiza na kupanga. O'Bannon hakumfanya mnyonge kuwa mtakatifu ili tukubali kwamba anaumia. Uchungu wake ni wa kweli, na hila zake ni za kweli.

Yafaa hapa kuilinganisha filamu hii na Day of the Dead, ambayo Romero aliitoa mwaka huo huo wa 1985. Ndani yake yumo zombi aitwaye Bub, anayefugwa na mwanasayansi na kufundishwa upya kutumia simu, kitabu na wembe, hata akajaribu kutamka maneno. Bub ni mhusika mzuri, na wengi humpenda kuliko binadamu walio naye. Lakini ulimi wa Bub ni zawadi ya mwalimu wake. Husema anapofunzwa, na hutuzwa chakula akitii. Mwanamke wa mezani hakufunzwa na mtu. Alikuwa na la kusema kabla ya kuulizwa, na ambacho kilikuwa kimepungua ni mwulizaji. Tofauti kati ya kufundisha na kuuliza ndiyo tofauti kati ya filamu hizo mbili.

Msomaji wa ushairi wetu atakuwa amekwisha kuikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauuliza moyo wake waliko matajiri wa Pate. Swali hilo halingoji jibu kutoka kwa waliozikwa. Ukimya wao ndio jibu, na ukimya huo ndio mawaidha. Wafu wa utenzi ule wananyamaza kwa ajili yetu, ili tutengeneze mioyo yetu. Maiti wa O'Bannon hatuwaidhi. Analalamika. Maiti wa mawaidha hutupa kitu, ilhali maiti anayelalamika anatudai kitu, nasi hatuna desturi ya kumlipa.

Nimesema kwamba niliiona filamu hii kwanza katika kanda. Hilo si jambo la pembeni, kwa maana filamu inayoishi katika video huishi kama hati za tenzi zilivyoishi: kwa nakala zinazotofautiana. Katika baadhi ya matoleo ya diski yaliyofuata, sehemu za muziki zilibadilishwa, na zilibadilishwa pia sauti za baadhi ya wafu, akiwemo yule aliyetoka katika pipa, ambaye mashabiki humwita Tarman. Mtu aliyeizoea kanda alipoinunua diski alisikia kinywa kile kile kikitoa sauti nyingine. Mwaka 2016 kampuni ya Scream Factory ilitoa toleo lililorudisha sauti asilia ya mono, isipokuwa wimbo mmoja uliokosekana kwa sababu za hakimiliki. Waliozikumbuka sauti za awali na kuzidai hawakuwa wahakiki wa vyuo vikuu. Walikuwa mashabiki waliozitunza kanda zao kuukuu. Kwa kazi ambayo kiini chake ni sauti ya aliyekufa, historia hiyo ya matoleo inachoma kuliko tashtiti yoyote iliyokusudiwa: maiti alipewa ulimi, kisha wenye mali wakaubadilisha.

Kasoro za filamu hazifichiki. Kundi la vijana wanaostarehe makaburini limechorwa kwa haraka. Wengi wao ni mavazi na majina ya utani tu. Msichana aitwaye Trash anavuliwa nguo mapema na kuachwa hivyo karibu filamu nzima, na kamera inamtazama kwa jicho lile lile la bohari ambalo kwingineko filamu inalikejeli. Hata mwanamke wa mezani hakupewa jina, wala hatuambiwi alikuwa nani alipokuwa hai. Alisikilizwa kwa dakika chache, kisha kisa kikaendelea bila yeye. Wanaoiita filamu hii hodari wa kucheka na mzembe wa kufikiri wana ushahidi wa kutosha katika sehemu hizo.

Hata hivyo mwisho wake una mantiki kali. Burt anapiga simu ile aliyoiogopa tangu jioni, na nambari iliyoandikwa juu ya pipa inampeleka kwa Kanali Glover, ambaye kwa miaka amekuwa akiyatafuta mapipa yake. Jeshi halina swali kwa maiti wala kwa walio hai. Alfajiri ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kombora la nyuklia linafyatuliwa juu ya Louisville. Kanali anaripoti kwa utulivu kwamba mpango umefaulu na kwamba mvua itauzima moto. Moshi unapanda, mvua inanyesha, na makaburini sauti zinaanza upya. Ernie aliuliza na akajibiwa. Serikali ilinyamazisha na ikazalisha wafu zaidi. Sijui filamu nyingi za "maana" za muongo ule zilizolisema jambo hilo kwa uwazi kama huo.

Kiswahili chenyewe kimesitasita mbele ya tatizo hili. Neno maiti lina umbo la ngeli ya vitu, na wapo wasemaji wanaosema "maiti hii imezikwa"; wapo pia wanaosema "maiti huyu amezikwa", wakimhesabu bado katika ngeli ya watu na viumbe wenye uhai. Wanasarufi wanaweza kulieleza jambo hilo kwa kanuni za upatanisho, lakini kanuni hizo hazimwondolei msemaji wajibu wa kuchagua kila mara anapofungua kinywa. Katika makala haya nimemtaja maiti kwa upatanisho wa mtu tangu kichwani, hata pale alipokuwa katika chumba cha baridi cha Uneeda akisubiri mnunuzi. Frank asingalisema hivyo. Kwake na kwa vitabu vyake vya hesabu upatanisho ulikuwa wa bidhaa. Ernie alipomwinamia yule mwanamke mezani na kumwuliza kama anasikia, alikuwa amekwisha kuchagua ngeli.